Mwenye Buluu

Mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo, nawaletea kisa, na mwisho wake nitawaachia kazi. Nisikilizeni taratibu, maana kazi yenyewe haitamfaa aliyesinzia katikati.

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Makame Faki lilikuwa hili: mkewe alimwomba asogeze meza. Makame alikuwa fundi saa, na meza yake ya kazi ilikaa ukumbini, pale mwanga wa mlangoni ulipoangukia. Kazija binti Shaame alikuwa ameketi chini anasuka ukili wa mkeka kwa chane za ukindu, naye aliutaka mwanga uleule.

"Jisogeze, bwana," alisema. "Wewe una saa moja, mimi nina chane kumi na tatu."

Makame akasogeza meza shibiri mbili, akairudisha lenzi jichoni. Kazija akasuka mpaka adhuhuri. Akaswali, akala muhogo, akasema joto limezidi, akaenda kujinyoosha. Alasiri ilipoadhiniwa Makame alikwenda kumwamsha, na hakuamka.

Sasa mjue desturi ya mahali. Kijiji cha Vikindani wanawake wake husuka mikeka ya ukindu, na kila rangi ya ukindu ina mwenyewe. Nyekundu, inayotoka katika magome ya mti wa mkaka, ilikuwa ya Bi Tatu Haji, mkubwa wa wasukaji wote. Manjano ilikuwa na mwenyewe, nyeusi ilikuwa na mwenyewe. Asiye mwenye rangi haichovyi. Humpelekea mwenyewe chane zake, akamchovyea, wakaonana kwa wema. Na alama ya mwenye rangi ni shazia la shaba, ile sindano kubwa ya kushonea kili zikawa mkeka. Rangi moja, shazia moja, mkono mmoja. Zamani nyekundu iliwahi kushikwa na ndugu wawili, na kila mmoja akaikoleza apendavyo, hata mkeka mmoja ukawa na nyekundu mbili zisizopatana, kama watu walionuniana wakakaa kitanda kimoja. Tangu hapo Vikindani hawataki kusikia habari za kushirikiana rangi.

Buluu ilikuwa ya Kazija. Aliipokea kwa bibi yake, na hakuna mwingine aliyejua inavyotoka. Aliichovya nyuma ya ua wa makuti, siku ambazo wenzake wako bondeni kwenye mpunga. Alikuwa amesema kwamba baada ya mavuno yajayo atamfungulia mtu chungu, yaani atamfundisha. Hakumtaja huyo mtu.

Mwenye rangi akifa bila kufundisha, watu husubiri siku arobaini. Ikitokea msukaji akaitoa rangi ile kabla ya siku kutimia, mwenye nyumba humkabidhi shazia siku ya hitima. Siku zikipita bure, shazia huzikwa, na kila mkeka ambao haujakamilika wenye rangi hiyo huzikwa nalo, wala rangi haisukwi tena. Ilikwisha tokea kwa zambarau. Leo zambarau ya Vikindani ni neno tu, hakuna aliye hai aliyeiona.

Siku ya tatu ya msiba Bi Tatu aliingia na wanawake wenzake, akaliweka shazia la Kazija mkononi mwa Makame, akaketi.

"Shemeji," alisema, "umekaa na mwenye buluu miaka thelathini na moja. Tuambie unalolijua."

Makame akafikiri. Alikuwa mtu wa kusema kitu kama kilivyo.

"Najua kwamba siku za buluu ua wote ulinuka."

"Ulinuka nini?"

"Ulinuka tu. Sikuuliza."

"Majani? Gome? Udongo?"

"Sikuuliza, Bi Tatu."

Mwanamke mmoja nyuma akamwambia mwenziwe, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Huyu atakwambia kila gurudumu la saa yako lina meno mangapi. Mkewe kapika mbingu uani, yeye kashika pua."

Makame alisikia. Hakukasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli. Wageni walipoondoka aliukunjua mkeka ambao Kazija aliuacha nusu. Kili sita zilikuwa zimeshonwa, na katikati ya kila ukili ulipita mstari wa buluu, mwembamba, usioyumba. Mwisho wa mkeka chane zilikuwa zimening'inia wazi, zikingoja wenzao. Alijua kwamba rangi isipopatikana mkeka ule utatiwa shimoni. Alikwisha mzika Kazija mara moja. Hakuona vipi ataweza mara ya pili.

Basi walitokea wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mize, binti wa kaka yake Kazija, umri wake miaka ishirini. Kipawa chake kilikuwa kuuliza. Mtoto mchanga wa jirani akilia, watu wengine walisema ana njaa; Mize aliuliza mbona jana saa hizihizi hakulia. Walimu wake walimchoka, na mchumba wake wa kwanza alimwacha, akidai kwamba kukaa naye ni kama kukaa polisi.

Wa pili ni Zuwena, mwanafunzi wa Kazija kwa miaka minane, ambaye katika miaka hiyo hakupewa kazi zaidi ya kuchana ukindu. Kipawa chake kilikuwa kutazama. Hakuwa msemaji. Angeweza kuketi mbele ya kitu asubuhi nzima, na akiondoka angekwambia sisimizi walipita upande gani.

Wa tatu ni Raya, jirani, mama wa watoto watano. Kipawa chake kilikuwa kujaribu. Alikuwa amewahi kupanda embe katika debe, kufuga bata kwenye pipa, na kushona viatu vya mpira ambavyo havikuvalika. Jambo likimshinda mara tisa, mara ya kumi alilianza kwa uchangamfu uleule, na watu walimcheka sana.

Mize alianza siku ya sita. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, na kila jibu alilitolea swali jingine, mpaka watu wakawa wanafunga milango ya mbele wakimwona. Mwisho akamfikia Shaibu, mpasua kuni.

"Siku ambazo shangazi alichovya buluu, ulimletea mizigo mingapi?"

"Hata mmoja."

"Alichukua kwa nani?"

"Wewe mtoto, kuni za Vikindani ni zangu zote. Siku za buluu shangazi yako alinipungia mkono nipite."

Mize alirudi uani akasimama mbele ya wanawake. "Kama hakutaka kuni," alisema, "kwa nini sote tunadhani aliichemsha?"

Walicheka. Nyekundu huchemshwa, manjano huchemshwa, nyeusi huchemshwa. Bi Tatu alisema rangi isiyochemshwa ni wali usiopikwa. Lakini Makame, aliyekuwa mlangoni, alihisi kitu kikigeuka kifuani mwake, kama pale gurudumu lililokwama siku nyingi linapoachia jino moja. Aliishi na ua ule. Hakuwahi kuona moshi siku ya buluu, wala hakuwahi kuuona ukosefu wake.

Zuwena alianza siku hiyohiyo. Alikwenda nyuma ya ua, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akatazama. Alitazama siku tatu. Alitazama kitako cha chungu cha buluu, kikawa hakina masizi, na hapo swali la Mize likapata shahidi. Alitazama ndani ya chungu akaona pete nyeupe ukingoni. Akaigusa kwa ulimi, ikawa kali kama maji ya majivu. Aliuona mfuniko umezungushwa udongo mkavu, kama wa mtu aliyeziba ili hewa isiingie. Kisha akatazama vichaka vilivyoota kando ya ua, ambavyo kila mtu aliviita magugu.

"Fundi," alimwita Makame, "marehemu alishika kisu mkono gani?"

"Kushoto."

"Basi njoo uone."

Vichaka vyote vilikuwa vimekatwa kimo kimoja, na kila tawi lilikatwa mshazari kutoka kushoto. Zuwena alichuma jani moja, akalivunja, akaliacha juu ya jiwe. Walingoja. Pale lilipovunjika, ukingo wake ulianza kuwa na kivuli, kivuli kikakolea, kikawa na dalili ya buluu, hafifu kama mshipa chini ya ngozi.

"Mtu hapogoi magugu kwa kipimo," Zuwena alisema, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoyasema wiki ile. Ajuza mmoja alipoletewa jani alilinusa, akasema kwamba bibi zao waliliita mnili.

Raya alianza siku ya kumi. Sasa walijua jani, walijua majivu, walijua kuziba, walijua kutochemsha. Hawakujua kiasi. Raya alitia majani na maji chunguni, akatia majivu, akaziba, akangoja siku nne. Akafungua, ikawa uvundo mtupu. Akamwaga. Akazidisha majivu, yakala majani yote, yakabaki maji ya kahawia. Akamwaga. Akaweka chungu juani, akaweka kivulini, akakifukia katika samadi ya ng'ombe ili kipate vuguvugu. Akatia tende zilizopondwa, kwa kuwa aliona kila kinachochachuka hupenda utamu. Majivu yalimbabua mikono, basi akawa anaivika mifuko ya nailoni na kuifunga kwa kamba viwikoni. Watoto wake walikataa kula karibu naye.

"Raya, umeoga?" wanawake walimtania njiani.

"Nimeoga. Chungu ndicho hakijaoga."

Chungu cha sita alikifungua siku ya thelathini na sita. Juu palikuwa na utando unaong'aa kama shaba iliyosuguliwa, na chini yake maji ya kijani yenye umanjano, mazuri, yaliyotulia. Hakuna aliyewahi kuona maji kama hayo. Wakachovya chane.

Hapa sharti mlijue somo la kwanza la kila msukaji wa Vikindani. Msichana akiwa na miaka saba hufundishwa kwamba rangi hukomaa chunguni. Chane ikitolewa ikaonekana haijakolea, hurudishwa palepale, kabla haijapoa, kwa sababu ikipoa nje hupata mabaka na haishiki tena. Anayeziacha nje hupigwa kofi la mkono. Kila mwanamke pale alikuwa amelipata kofi hilo, na alikuwa amelitoa kwa bintiye.

Kwa hiyo Raya alipotoa chane akaziona za kijani, alizirudisha. Akangoja, akazitoa: kijani. Akazirudisha. Alifanya hivyo siku ya thelathini na sita, ya thelathini na saba, ya thelathini na nane, kwa uangalifu wa mtu anayelea mgonjwa, na kila mara alizizamisha haraka zaidi ili zisije zikapoa.

Siku ya thelathini na tisa, baada ya alasiri, wanawake walijaa nyuma ya ua, penye chungu. Makame aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa ua, shazia mapajani. Alikuwa amekwisha mwomba Shaibu jembe, kwa ajili ya kesho. Raya alizamisha mikono, na mfuko wa mkono wa kulia ukapasuka. Hakuujali. Akatoa chane mara ya mwisho: kijani, kama nyongo ya kuku. Akazirudisha, akainuka, akajifuta jasho la uso kwa mgongo wa mkono uliokuwa wazi.

"Imeshindikana," alisema Bi Tatu kwa upole. "Umefanya kazi, mwanangu. Mwaga."

Raya akakishika chungu.

"Kucha," Zuwena akasema.

"Kucha zina nini?"

"Zitazame."

Raya akatazama mkono wake. Kucha tano, na ngozi iliyozizunguka, zilikuwa buluu. Hazikuwa na weusi wa uchafu wala ukijani. Zilikuwa buluu ya Kazija.

Mize alikuja akaushika ule mkono, akaugeuza juu na chini kama anayesoma.

"Mkono umeingia chunguni," alisema. "Chane zimeingia chunguni. Mkono umepata nini ambacho chane hazikupata?"

Makame alihesabu moyoni: maji ni yaleyale, majivu ni yaleyale, muda wa chane umezidi. Hesabu haikutoa kitu. Ni Raya aliyeongea, polepole, akiutazama mkono wake mwenyewe.

"Mkono nimeutoa."

Kisha akafanya jambo ambalo alipigiwa kofi akiwa na miaka saba. Alitia mikono chunguni, akalitoa tita lote la chane, akalinyanyua juu ya kichwa chake, na hakulirudisha.

"Rudisha, zitakufa," Bi Tatu akasema.

"Na zife."

Maji ya kijani yalimtiririka viwikoni. Na Makame, aliyekuwa hatua tatu tu, akaona. Kwanza ncha za chane, zile nyembamba zilizopigwa na upepo, zilififia ukijani. Kisha rangi ikawa kama shingo ya njiwa, kijani na buluu pamoja, huwezi kusema ni ipi. Kisha ikaanza kushuka kutoka nchani kuelekea kwenye vidole vya Raya, bila mtu kuigusa, bila moto, bila kitu chochote ila hewa hii tunayoivuta na kuitoa tangu tuzaliwe. Kila palipofikiwa palikuwa buluu. Tita likawa buluu upande mmoja na kijani upande mwingine. Raya akaligeuza, na upande wa pili nao ukaanza.

Bi Tatu aliketi chini kwenye vumbi. Alikuwa na miaka sabini na mbili, amechovya rangi miaka sitini. "Subhanallah," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake. "Kumbe inamalizikia nje."

Makame alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Alikuwa akifikiri kwamba jambo hili lilitokea nyuma ya ua wake, hatua ishirini kutoka kwenye meza yake, miaka thelathini na moja. Mke wake alikuwa akisimama hapa peke yake, mikono juu, akiitazama hewa ikifanya kazi, kisha akinawa, akiingia ndani na kumwuliza kama atakunywa chai.

Furaha ilidumu muda wa kuanika chane. Baada ya hapo ndipo swali likaja, na alilileta mwanamke yuleyule mwenye sauti asiyoijua kuwa kubwa.

"Haya, shazia ni la nani?"

"La Raya," wengine wakasema. "Mikono yake imebabuka. Nyie wengine mlikuwa mmekaa juu ya kinu."

"Angejaribu nini, huyo?" akasema mama yake Mize. "Bila mwanangu angekuwa bado anachemsha. Angeunguza msitu mzima akachemsha mpaka mawe."

"Na angechemsha jani gani?" akauliza shangazi yake Zuwena. "Mlikuwa mnayafyeka mkiyaita magugu. Na leo nani kaona kucha? Sote tulikuwa na macho. Sijui yalikuwa yanafanya nini."

"Yalikuwa yanamtazama Raya akifanya kazi."

"Mize kauliza swali tu. Swali mtu anauliza akiwa ameketi, anakula karanga."

"Basi ungeuliza wewe, karanga si unazo?"

Wakageukiwa wenyewe watatu. Mize alisema kwamba yeye hakutafuta shazia, alitaka kujua, na hata sasa hajui hewa inatia nini. Lakini asipopewa chungu hataruhusiwa kuendelea kuuliza, na hilo lilimuuma. Zuwena alisema kwamba amechana ukindu miaka minane mlangoni kwa rangi hiyo. Raya alisema, "Mimi nimemwaga vyungu vitano. Nikipewa, sitamwaga cha sita. Nisipopewa, nitarudi kwa bata wangu," na watu wakacheka, ila yeye mwenyewe hakucheka.

"Tupewe sote," Mize akasema.

"Rangi moja, mkono mmoja," akajibu Bi Tatu. "Ukitaka nyekundu mbili katika mkeka mmoja, ninazo nyumbani, nitakuonyesha." Kisha akamgeukia Makame. "Shemeji, hili halihitaji kikao. Desturi imelitia mkononi mwako. Kesho baada ya hitima utalitoa. Atakayelipokea ndiye atakayeumaliza mkeka wa Kazija, na wawili waliobaki hawataigusa buluu maisha yao. Unajua marehemu angemchagua nani?"

"Sijui," Makame akasema. "Niliishi naye, na sijui alipenda nini zaidi katika kazi hii. Kuijua, kuitazama, au kuifanya."

Watu walitawanyika kabla ya magharibi. Jembe la Shaibu lilirudishwa kwa mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, jua likiwa limeanza kupenya kwenye makuti, Makame alikwenda nyuma ya ua. Alikunja mkono wa kanzu, akafungua chungu, akatazama ndani muda mrefu. Harufu ilimpanda, na hakugeuza uso. Akatia mkono wa kulia mpaka kifundoni, akahesabu mpaka sitini, akautoa, akaunyanyua mbele ya macho. Akaanza kuhesabu upya. Kwenye ishirini ulikuwa kijani bado. Kwenye arobaini ukingo wa kidole gumba uligeuka. Kwenye sabini alisahau kuhesabu, mtu ambaye hakuwahi kusahau kuhesabu, na alipokumbuka mkono ulikuwa buluu wote, mistari ya kiganja imekolea kuliko ngozi. Akautia tena, aone itakuwaje mara ya pili. Ikakolea zaidi. Akajiuliza kwa nini.

Hitima ikasomwa, ubani ukafukizwa, sahani za wali zikaondolewa. Mkeka wa Kazija ulitandikwa katikati ya ua, nusu yake imeshonwa, chane zimening'inia. Mbele yake waliketi Mize, Zuwena na Raya, bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenziwe. Makame akatoka ndani. Wanawake waliuona mkono wake. Akaliweka shazia katika kiganja kile cha buluu, akatembea mpaka mbele ya wale watatu, akaunyoosha mkono.

Mimi naishia hapo, mkono ukiwa umenyooshwa. Mize ndiye aliyeuliza mbona hapakuwa na kuni, na mkono umepata nini. Zuwena ndiye aliyeliona jani, na akaziona kucha. Raya ndiye aliyemwaga vyungu vitano, na akanyanyua chane juu huku kila alichofundishwa kikimwambia azirudishe. Shazia ni moja, na mkeka unangoja.

Sasa kazi yenu hii. Ungekuwa wewe ndiye Makame, mbele ya hawa watatu, ungelipeleka kwa nani? Na hao wawili wengine, ungewaambia nini?